Chaji Iliyoisha Ndani ya Kasha

Kaka Shee,

Nikianza kwa kukuuliza hali nitakuwa nafanya mchezo, kwa hiyo nakuombea nuru huko uliko na naingia moja kwa moja. Nimekaa kwenye kibanda chetu cha ufundi hapa Kizingitini, kwenye kiti chako, mlango nimeurudisha, na moyo umenichafuka. Tangu asubuhi nimekunywa maji ya ndimu mara mbili na bado kitu kimekaa hapa kooni. Si ugonjwa. Ni watu. Na si watu baki, kaka, ni damu yako na yangu.

Kwanza nikupe habari ambayo hukuipata. Una mtoto wa kike. Mkeo Amina alikuwa na mimba changa ulipoondoka na mwenyewe hakujua, alikuja kujua akiwa ameshakaa eda. Mtoto amechukua masikio yako, yale yaliyosimama ambayo wenzako wa chuoni walikutania mpaka ukawa hutaki kuvua kofia. Siku ya pili baada ya kuzaliwa, Shangazi Mwanate aliingia, akamgeuza sikio la kulia, akamgeuza la kushoto, kama anayekagua samaki kabla hajanunua, kisha akasema, "Haya, ni wetu." Nilitoka nje nikatema mate. Nitakueleza kwa nini alikuwa akikagua.

Unakumbuka Yasini uliyoirekodi kwenye laptopu yako, baba alipokuwa kitandani? Ulipofariki Mama hakutaka kingine. Alitaka kila Ijumaa baada ya alasiri wanawake wa nyumba wakae ukumbini, sauti yako isome, kisha dua. Nyumbani Mbwajumali ile inveta ya sola ilikuwa imekufa, na kila nikiifungua niitengeneze naona mahali ulipolehemu wewe, najikuta nalia, naifunga tena. Basi nikawa naichukua laptopu kila Alhamisi, naichaji hapa kibandani mpaka inajaa, naizima, naipeleka nyumbani magharibi. Tuliiweka kwenye kasha chumbani kwa Amina, kwa sababu yeye yuko eda na kile ndicho chumba ambacho mwanamume haingii.

Ijumaa ya kwanza tuliitoa, nikabonyeza, kimya. Tukasema labda nilisahau kuichaji. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Mama alikaa na tasbihi yake akingoja sauti yako mpaka watu wakaanza kuvaa mabuibui yao. Ijumaa ya tatu Shangazi, ambaye alikuja kwa matanga na mpaka leo hajarudi kwake, aliuliza mbele ya wote, "Kitu kilichozimwa huliwa ni nani?"

Wiki ile ile maneno yalishaiva. Kwamba Amina huifungua laptopu ya marehemu akiwa peke yake, akaongea na mwanamume mpaka chaji ikaisha. Mwanamume gani? Hana jina, hana kijiji, lakini wanamjua. Kisha ikajulikana ana mimba, na hapo ndipo kinyaa chenyewe kilipoanza. Wanawake waliokula wali wa harusi yako walikuwa wakihesabu miezi kwa vidole chini ya mitandio. Walimnyang'anya simu. Wasichana wakaambiwa wasikae naye. Shangazi akatandika godoro lake mlangoni pa chumba, akisema amlinda, na kila aliyempita akamwambia, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laya." Ami Bakari, ambaye wewe ulimtengenezea redio miaka yote bila kumtoza hata shilingi, alisema mtumke huyo arudishwe Kipungani kwa wasuka mikeka wenzake, na akizaa huko, mtoto apewe jina la huko.

Mtoto wako, kaka. Asiitwe binti Shee. Kwa sababu ya betri.

Na hawa ndio watu waliosimama kaburini kwako wakisema walikupenda. Hata yule mvuvi wa kamba aliyekuja kwenye matanga siku ya tatu, akanipa mkono wa pole, na bila kuuachia mkono wangu akauliza kama simu yake ilikuwa tayari, namwona ni muungwana kuliko wao. Yeye alitaka chake akasema.

Amina hakulia. Alikaa anasuka ukili siku nzima, macho chini. Mara moja tu aliniambia, "Wifi, mashine hiyo siyui hata kuiwasha." Nikamwambia najua. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najichukia. Alhamisi iliyofuata, nilipoiweka laptopu kashani, nilifunga uzi mwembamba mweusi kwenye kikomeo, vile ulivyokuwa ukifunga wewe ndani ya simu uliyoitengeneza, ujue kama mteja ameifungua kabla ya kukurudishia. Ijumaa nikautazama. Uzi ulikuwa vile vile, na fundo langu lile lile. Chaji hakuna.

Fundi yeyote angesema hapo hapo kwamba hakuna mtu aliyelifungua kasha. Mimi nikajiambia labda ameufungua akaufunga tena. Nikanyamaza wiki nzima.

Aliyefanya kazi ya fundi ni Amina. Aliniita, akaniambia bila kuniangalia, "Ichukue ilale kwako. Chaji ikisa kwako, watasemaye?" Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Miaka sita ulinifundisha, kila siku ukiniambia kitu kikiharibika ukihamishe mahali kwanza uone kama kosa linahama nacho, na msuka mikeka asiyejua kitufe cha kuwashia ndiye aliyenikumbusha.

Nikaichaji ikajaa, nikaizima, nikaiweka chini ya kitanda changu. Alfajiri, kabla sijatawadha, niliinama nikaishika. Ulizoea kusema, "Gusa kwanza, Zena. Mashine yenye kosa huwa na joto mahali." Laptopu yenyewe ilikuwa baridi. Tochi ilikuwa ya moto.

Tochi yako ya kwendea msikitini. Ilikuwa bado imechomekwa ubavuni mwa laptopu kwa ule waya mfupi, kama ulivyoiacha jioni ile homa ilipokushika. Hatukuichomoa kwa sababu siku ya mazishi Mama alisema, "Alilofunga mwanangu kwa mkono wake asilifungue mtu," na kila mtu akaitikia amin. Kwa hiyo nilikuwa nikiibeba laptopu na tochi yake, naichaji na tochi yake, nailaza kashani na tochi yake, kwa heshima. Betri ya tochi ilishaoza haijai tena, ikawa inanyonya tu. Na lile tundu ilimochomekwa lilikuwa likitoa umeme hata laptopu ikiwa imezimwa, kwa sababu wewe mwenyewe ulilipanga hivyo, kwenye ile mipangilio ya ndani unayoingia kabla mashine haijawaka. Usiku mmoja tu ulitosha kuimaliza. Kila Ijumaa tulipolifungua kasha tochi ilikuwa imeshapoa, haina la kutuambia.

Nilipoichomoa tochi chaji ikakaa, ila si yote. Alfajiri ya pili ilikuwa imeshuka kidogo. Nikachimba tena nikakuta kumbe ikizimwa haizimiki kabisa, ilipangwa ibaki macho nusu ili ikiwashwa iwahi kuwaka. Hilo nalo nikaliondoa, na nguvu ya lile tundu nikaikata. Alfajiri ya tatu, ya nne, ya tano, chaji ilikuwa pale pale nilipoiacha. Halafu nikafungua kumbukumbu za mashine, zile zinazoandika kila saa iliyowashwa. Ukiondoa alfajiri zangu hizi za kupima, kila mara ni Alhamisi mchana, hapa kibandani, kwa mkono wangu. Hakuna nyingine tangu ufe. Kazi ya dakika moja, kaka. Ningeifanya Ijumaa ile ya tatu hakuna ambaye angehesabu miezi kwa vidole.

Niliwaita ukumbini. Nikairudisha nguvu ya lile tundu, nikaichomeka tochi mbele yao, laptopu imezimwa, nikawapa waishike inavyopata moto. Wakapokezana. Mama aliishika mwisho, akaibusu, na machozi yakamshuka, sijui ni kwa ajili yako au kwa ajili ya yale aliyoyanyamazia. Shangazi alisema, "Basi, yamepita." Ami Bakari alisema mashine ni mashine. Kisha ikaletwa kahawa. Walikunywa, wakasifu halwa, mmoja akasema imezidi hiliki. Hakuna aliyeinuka kwenda kile chumba, hatua kumi tu. Walikata kipande cha halwa, wakakiweka kwenye kisahani, wakanipa mimi nimpelekee. Ndiyo radhi waliyomwomba. Amina alikitazama, akakisogeza pembeni, akaendelea kusuka.

Jina la mtoto limebaki lako. Hilo walau tumeliokoa. Juzi, arobaini ya uzazi ilipotimia, Amina alifunga vitu vyake akaondoka kwenda kwa mamake Kipungani. Mama alimsihi abaki. Alimbusu Mama mkono, akatoka. Mimi ndiye niliyembebea mtoto mpaka gatini. Kabla hajaingia kwenye boti alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Weye tu ndiwe uliyenisimamia, wifi. Muungu takulipa."

Nikamjibu amin.

Sasa nikwambie kilichonikaa kooni, maana si ile halwa ya kisahani wala vidole vya wale wanawake, ingawa hao nao sitawasahau. Ijumaa ile ya tatu, kabla Shangazi hajauliza mbele ya watu, aliniuliza mimi jikoni, sote wawili tunakuna nazi. "Zena, weye ndiwe fundi. Yaweza kwisa chaji na imezimwa?" Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira na Amina, nakiri, kwa sababu siku ile ya homa wewe ulimwita yeye na hukuniita mimi. Nikamjibu, "Haiwezekani. Lazima mtu aiwashe."

Sikupima wala sikugusa. Nilisema kwa ile sauti yako ya fundi, ile uliyoitumia wateja wakibisha, na kwa kuwa mimi ni dadako na nimekaa kibandani kwako miaka sita, nani angenibishia? Shangazi hakuzua kitu. Alichukua maneno yangu akayabeba ukumbini. Halafu mimi nikawa ndiye nikunjaye uso wakati wengine wanasengenya, ndiye mwema, ndiye niliyebeba kisahani, ndiye niliyeitikia amin gatini na mtoto wako mikononi. Shangazi nilimtemea mate, lakini yeye angalau alisema mdomo wazi.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu kusema na aliyekufa ni rahisi. Huniangalii. Lakini Amina yuko hai, na ananiombea dua kwa jambo ambalo sikulifanya.

Boti ya Jumamosi itanipeleka. Ijumaa kabla ya hapo, Yasini yako ikiisha, nitawaambia ukumbini maneno hayo yalitoka kinywani mwa nani, Ami Bakari naye aitwe asikie. Kisha Kipungani nitakaa kwenye mkeka wa mamake Amina na nitamwambia jikoni ilikuwa vipi, na kuhusu uzi mweusi pia, na kwamba nilijua nikanyamaza. Akinifukuza nitatoka. Akinyamaza nitakaa hata kutwa.

Mola akupe kivuli pale pasipo na kivuli kingine, kaka. Tochi nimeizika nyuma ya kibanda, usinikasirikie. Binti yako nampenda kuliko nilivyodhani ninaweza, na najua mamake ataniletea nimpakate mara tu nikiingia mlangoni, ndivyo alivyo. Nakuahidi sitainua mikono kumpokea kabla sijasema.

Dadako,
Zena