Dhahabu Isiyoonekana kwa Darubini

Ifakara, Jumanne, Aprili 1997

Kwa bahati, mimi sina mpinzani. Daktari mwenyewe alinisihi nibaki na darubini, ndiyo maana vile vikaratasi vipya vya kupimia malaria amepewa Agnes, mwenzangu wa maabara.

Leo bibi mmoja wa Lupiro alikaa mbele yangu na mjukuu anayechemka homa. Nikamwamkia, nikashika kidole cha mtoto, nikaanza mizaha yangu. Bibi akauvuta ule mkono.

"Marahaba, mwanangu. Ila huyu nataka apimwe kwa vile vikaratasi vyenye dhahabu."

Akahamia kwa Agnes. Tone moja tu la damu, na mstari mwekundu ukatokea kwenye karatasi wakati mimi bado nafuta lenzi.

"Dhahabu gani nyekundu?" nikamtania Agnes.

"Ikiwa chembe ndogo mno inakuwa nyekundu, kaka. Hata hiyo darubini yako haiioni."

Benchi zima likacheka, nami nikacheka kuwazidi. Mtoto alipata dawa mapema, kwa hilo nashukuru. Lakini wivu ninao.

Daktari hakunisihi lolote. Mimi ndiye niliyemwomba vile vikaratasi, akasema Agnes anafaa zaidi.