Gurudumu la Mbelgiji wa Jangwani

Mutakura, Jumatano, Agosti 1999

Eti jangwa. Asubuhi nzima yule Mbelgiji amenisimulia jangwa, huku mi nimeinama natoa spoki saba zilizovunjika kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yake. Mchanga, mawe, siku tisa bila kuona mutu. Spoki zitaachaje kuvunjika? Amebeba hema, jiko, sufuria mbili na kiti cha kukunja. Kiti! Shemeji yangu Melkiori alikuwa akishusha mikungu sita ya ndizi kutoka Bugarama, kule milimani, kwa baiskeli isiyo na breki, na hakuna aliyempiga picha. Mwezi wa tano alipigwa risasi akafa kwenye kona za barabara hiyohiyo.

Na huko ndiko bwana huyu anataka kupanda kesho, peke yake. Nimemwambia angoje msafara wa magari unaosindikizwa na askari, maana vita haijaisha.

"Magari yananiharibia safari," akajibu. "Nimeshapita pabaya zaidi."

Mutu mzima, na ndevu.

Jioni amerudi kuchukua gurudumu. Nimemwambia spoki za saizi yake zimekosekana mjini, labda Jumatatu. Ameondoka akinung'unika kwamba mafundi wa hapa ni wavivu.

Mke wangu alikuwa anasikia. "Si ulilimaliza saa nane, baba Diyane?"

"Nyamaza, mama Diyane."

Liko chini ya kitanda chetu. Jumatatu sijui nitasema uongo gani. Na mutu mwenyewe hata simpendi.