Chombo Kinacholegea Tumbo

Jumatatu, 9 Juni

Nimebomoa safu ya kumi na nne. Mara ya tatu. Uti wa mgongo wa chombo haunyooki. Navipanga vibao vya kijivu kama fundi anavyopanga matofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, nabana kwa kidole gumba mpaka ngozi inauma. Dakika tano, vinundu vinaachia. Tak. Sauti ndogo, mbaya sana.

Asubuhi nilimsindikiza Kambale mpaka kona ya njia. Wiki tano za ndoa na bado namsindikiza. Shati la bluu, nimelipiga pasi mimi. Alipogeuka kunipungia mkono nilisahau kabisa safu ya kumi na nne. Nikarudi ndani, ikaachia tena.

Kitaitwa Nyota ya Vulamba, kwa sababu ni hapa Vulamba tulipopanga nyumba yetu ya kwanza, vyumba viwili na dirisha moja zuri. Chombo cha kwenda kwenye nyota, vitofali vya plastiki tu, vinavyoshikana kwa vinundu, mita moja na nusu toka pua hadi mkia. Miguu mitatu. Viti viwili mbele, changu na chake. Kila kitu kimo katika daftari la viboksi, kiboksi kimoja kinundu kimoja. Kwenye daftari hakilegei.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimekaa na hasira tu. Nimekumbuka siku ya kupeleka vyombo vya bibi arusi.

Wanawake walivibeba kwa mstari toka kwa baba yangu mpaka hapa: sufuria, mikeka, beseni, kioo kikubwa alichonipa shangazi. Mwishoni viloba viwili, magunia yangu. Upande wa bwana arusi wakafungua kuona. Vitofali vya watoto! Miaka sita nilivichagua kimoja kimoja katika balo, marobota ya mitumba ya vitu vya kuchezea anazouza shangazi sokoni, tangu niko shule ya sekondari.

Mama mmoja akapaza sauti: "Eh! Huyu analeta michezo ya batoto mbele ya batoto benyewe!" Njia nzima ilicheka. Hata mama mkwe, ameziba mdomo kwa kitenge.

Kambale alikuja akajitwika kiloba kimoja begani. Siku ile nilimpenda mara ya pili.

Na wiki ile, mimi nikiwa nimerudishwa kufungiwa kwetu kusubiri arusi, aliviosha vyote. Vyote! Wakati wa Ebola alikuwa mtu wa kunyunyiza klore, dawa ya kuua vijidudu, na tangu hapo hakuna kitu cha nje kinachoingia kwake bila klore. Hata nanasi. Nilipofungua viloba, harufu ya hospitali. Nilicheka, nikalia kidogo. Mume gani mwingine anamwoshea mke wake vitofali?

Jumamosi, 14 Juni

Yaya Masika amepiga simu. Ni dada mkubwa wa Kambale, ndiyo maana namwita yaya, mzaliwa wa kwanza kwao, anafundisha sekondari huko Beni. Siku ile ya vyombo alicheka kuliko wote. Sasa shule yake ina maonyesho Jumamosi ya tarehe 28.

"Nimeshaambia balimu bote. Bibi ya ndugu yangu atakuja na fizé ya mita moja na nusu, inasimama na miguu yake yenyewe. Donc, Kavira, hapana kunihaibisha."

Fizé, yaani roketi. Nikasema, "Ndiyo, yaya." Ningesema nini? Nataka wanione. Nataka mstari mzima wa wanawake wale uone vile viloba vimekuwa nini. Ndilo jambo moja ninalolitaka, mbali na Kambale, ambaye ninaye tayari.

Siku kumi na nne.

Jumanne, 17 Juni

Nimekiinua juu ya miguu yake. Kimesimama. Nimepiga makofi peke yangu nyumbani kama kichaa.

Kisha tumbo likaanza kushuka. Nilivuta uzi toka pua mpaka mkia, kama fundi wa ukuta. Vidole vinne chini ya uzi. Kufika saa kumi, mguu wa nyuma ukafunguka na nusu nzima ikaanguka sakafuni.

Nimekosea wapi? Nimehesabu viboksi upya. Hakuna kosa. Au mimi si mtu wa kazi hii. Au shangazi aliuziwa vya bandia. Nimekaa chini katikati ya vipande nikalia kwa nguvu. Jirani akauliza ukutani kama kuna mtu amekufa.

Alhamisi, 19 Juni

Kambale ameleta kola, gundi kali. Chupa mbili, ametoka nazo kazini anatabasamu.

"Pakaa, cherie. Nani atajua?"

"Mimi."

Chombo cha kola ni sanamu. Chombo changu kinafunguka na kufungwa, kila kipande kinashika jirani yake bila kulazimishwa. Nimemweleza. Amesema ndiyo, ndiyo, huku anaangalia chupa zake. Nimekasirika naye kwa mara ya kwanza tangu arusi. Kwa dakika kama ishirini. Halafu akanimenyea viazi vyote bila kuombwa, na mimi ni mtu dhaifu.

Ila kibao cha sita kimeachia tena.

Jumamosi, 21 Juni

Lazima niandike hili kwa utaratibu.

Mama mkwe amekuja toka Musienene na maharagi na viazi. Amekunywa chai. Ameangalia chombo kilicholala kwenye mkeka, tumbo chini. Kisha ameulizia sufuria yake kubwa, ile tuliyopikia arusi.

"Mukamwana, ulishaiondosha ile harufu? Kambale alichemusha mule bile bintu byako. Na klore. Saa mbili juu ya moto, anageuza na mwiko kama fufu! Nilimwambia, baba, bitaiva lini?"

Alicheka vizuri sana, mama huyu. Alijivunia mtoto wake anayejua usafi.

Alichemsha.

Nilidhani ni maji ya baridi. Kamwe sikuuliza. Saa mbili katika maji yanayotokota! Plastiki inalegea, inapoa imepinda, na jicho halioni. Kipande kimoja kimepinda kama unene wa ukucha. Weka arobaini kwa mstari, tumbo linashuka vidole vinne.

Daftari langu lilikuwa sahihi. Mikono yangu ilikuwa sahihi. Wiki sita najiita mjinga.

Mama mkwe aliniuliza kwa nini sinywi chai. Nikasema ina moto.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia Kambale kabla ya ibada. Alikaa kwenye kitanda na soksi moja mguuni. "Niliogopa magonjwa," akasema. "Balo zinatoka mbali. Nilitaka uzikute safi."

Nilivaa viatu nikatangulia nje. Kanisani tulikaa benchi moja kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Aliimba polepole. Mimi sikuimba.

Nina hasira. Nina hasira kwa sababu alifanya vizuri. Angefanya vibaya ingekuwa rahisi.

Jumatatu, 23 Juni

Hakwenda kazini. Aliomba siku moja. Nilipoamka nilikuta amelaza kioo changu kikubwa kwenye mkeka, cha arusi, na amepiga magoti mbele yake. Analaza kibao juu ya kioo, anagusa pembe kwa kidole. Kikitikisika, beseni la kushoto. Kikitulia, la kulia. Alikuwa amefikia mia mbili na kitu. Nywele zimesimama, hajanawa uso.

"Hiki kinacheza?" akauliza, bila kuniangalia.

Nikapiga magoti upande wa pili. "Kinacheza."

"Na hiki?"

"Kimetulia. Weka kulia."

Tuliendelea hivyo mpaka jioni. Vichwa vyetu viligongana mara tatu, na mara ya tatu sikukiondoa changu haraka.

Beseni la kushoto limejaa mpaka juu. La kulia halifiki nusu.

Jumatano, 25 Juni

Nimekata chombo changu.

Vibao vinavyotulia havitoshi mita moja na nusu. Nimechukua kalamu nyekundu nikafuta ghala la katikati, vyumba vya kulala, bustani ndogo ya kijani niliyoipenda kuliko vyote. Nimeunganisha pua na mkia karibu bila tumbo. Sentimita tisini na moja. Kimekuwa kama kuku aliyekatwa shingo.

Kinasimama. Uzi umenyooka. Nimekisukuma kwa kidole, hakijali.

Nachukia kinavyosimama vizuri.

Yaya Masika ameandika ujumbe: meza imetengwa, urefu wa mita mbili, na kitambaa cheupe. Sijamwambia. Nimeanza kuandika mara nne. Kambale anasema atamwambia yeye. Nimesema hapana, ni aibu yangu. Yeye akasema, "Si yako." Tukaachia hapo.

Ijumaa, 27 Juni

Tumefika Beni. Chombo ndani ya kartoni la televizyo, juu ya mapaja yetu, njia nzima. Kila shimo Kambale alikiinua kwa mikono miwili. Mpaka sasa anakanda viganja vyake.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alitaka kartoni lifunguliwe. Watu wote nje ya gari. Nilifungua kamba kwa meno, vidole vilikataa.

"Mama, oyo nini? Avion, ndege?"

"Hapana avion, chef. Ni chombo ya kuenda ku nyota."

Alichuchumaa. Kijana, labda umri wangu. Bunduki aliisukuma nyuma ya mgongo ili isiguse. Alichungulia dirisha la mbele kwa jicho moja.

"Iko na nafasi ya batu ngapi?"

"Babili."

"Babili tu? Na safari yote ile?" Akafunga kartoni mwenyewe, polepole, akalikunja vizuri. "Ongeza moja, mama. Ya mimi."

Dereva alicheka. Yeye hakucheka sana.

Jumamosi, 28 Juni

Ukumbi umejaa. Wanafunzi na mashine zao za maji, redio za mikebe. Meza yangu katikati. Kitambaa cheupe mita mbili, na kile kitu kifupi juu yake, kimezungukwa na nafasi tupu kila upande. Mama mkwe amekuja, na wawili wa wanawake wale wa mstari.

Mkuu wa shule, mzee mwenye miwani, alitoa mita mfukoni. Kweli alikuwa na mita mfukoni! Akapima toka pua mpaka mkia, mbele ya wote.

"Mwalimu Masika, ulituambia mita moja na nusu. Mimi naona tisini na moja. Ile ingine iko wapi? Ingali ku mbingu?"

Kicheko. Kicheko kile kile cha njia yetu. Yaya Masika aliniangalia, na uso wake ulikuwa unafunga kama mlango. Nilikumbatia daftari langu kifuani.

Kambale akasimama mbele ya meza.

"Ile ingine nilipika."

Mzee akavua miwani. "Ulipika?"

"Ndiyo, Directeur. Mu sufuria ya mama, na klore, saa mbili. Bibi yangu alichora muzuri, alijenga muzuri. Nilimuharibia bintu byake nikisema naosha. Hii munaona ni ile nilimuachia. Hapana kosa yake hata kidogo."

Mbele ya dada yake mkubwa. Mbele ya mama yake. Mwanaume, na shati la bluu. Sikujua pa kuangalia.

Yaya Masika ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika meza. "Kambale! Ulipika fizé ya bibi yako?"

"Ilikuwa na chumvi?" mtu akapiga kelele nyuma.

"Na maharagi ya arusi ilikuwa na harufu!" akasema mama mmoja wa wale wawili. "Nilisema mimi! Nilisema ile siku!"

Sasa walikuwa wanamcheka yeye. Alisimama tu, mikono nyuma, akavipokea vicheko vyote kimoja kimoja mpaka vikaisha. Na vilipoisha watu wakabaki wanaangalia chombo. Mzee alikisukuma kwa kidole. Hakikutikisika. Akainama, akatafuta kola kwenye viungo, hakuona, akaniuliza mimi, si mtu mwingine, kinashikana namna gani. Nikamwonyesha daftari. Yaya Masika alikuja kusimama karibu nami na kuanza kuwaeleza walimu viboksi na vinundu kama alichora yeye.

Mama mkwe alikigusa ncha ya pua kwa kidole kimoja. Alikuwa amekipangusa kwanza kwenye kitenge, kile kidole.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Tuko nyumbani. Kambale amelala kwenye mkeka, mdomo wazi. Mzuri hata hivyo.

Yaya Masika ameomba chombo kibaki shuleni mpaka muhula mpya. Nimekubali. Meza yangu iko tupu, na sijui mikono niiweke wapi.

Beseni la kushoto liko pale pale. Nilitaka kulimwaga. Nimekaa nalo, nimetoa vibao kimoja kimoja na kuvilaza juu ya kioo, vinacheza, vyote vinacheza. Nimechukua kimoja kidogo, cha bluu, kilichopinda kuliko wenzake. Nimekiwekea miguu miwili na mahali pa kuegemea mgongo.

Kiti cha tatu. Cha yule askari. Kimepinda kama mtu alishakikalia.

Tutakipeleka tukienda Beni tena.

Mvua imeanza kwenye mabati. Nimeinuka kuanua shati la bluu.