Awa Hapandi Mota

Olumbi,
22 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Abdulcarimo,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Hujambo kaka? Wifi yangu hajambo? Na miguu yake iliyokuwa inavimba, imetulia sasa? Mwambie asisimame sana jikoni, na wewe ujifunze kujipakulia, mkono hautakatika. Watoto wa hapo nyumbani nawasalimu wote.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo alfajiri, lakini bado anatwanga mwenyewe na hataki kunyang'anywa mchi, kwa hiyo ujue yu mzima. Shemeji yako Sualehe anakwenda baharini na anarudi, na samaki wapo. Mihogo imekubali mwaka huu. Nguruwe pori walijaribu mara mbili, tukawapigia mabati wakakimbia.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, nimpe huyu kijana anayevuka kuja Mtwara, kwa sababu nikikupigia simu, kaka, ukisikia neno usilolipenda mtandao wako hukatika palepale. Barua haina kitufe cha kukata. Kaa uisome.

Ijumaa iliyopita sauti yako ilifika kwenye simu ya Fauzi. Mwanao alikuwa amekaa barazani na watu, akabonyeza tu, ikalia. Tulisikia sote, na majirani wakasikia, na mbuzi wao. Ukasema mimi Alima nimekudharau, umewaletea watoto mota, pikipiki nzima, waende shule kama watoto wa watu, mimi nawatembeza kwa miguu kama wakimbizi. Ukasema kama mimi siwezi kumsomesha binti yangu Awa, basi shule zikifungwa Fauzi ampakie kwenye mota hiyohiyo mpaka Namoto, nawe utampokea ng'ambo ya Ruvuma akae kwako.

Jibu langu ni hapana. Nimeliweka hapa mapema usije ukahangaika kulitafuta chini.

Najua ninayemwambia hapana ni nani. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Mjomba akisema, baba mtu huinamisha kichwa, na Sualehe wangu kweli aliinamisha, nikamwambia ainue. Nakuheshimu, kaka. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya harusi yangu, na ukiwa na njaa nitakupa cha kwangu. Lakini Awa nimemzaa mimi, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kwanza nikutoe wasiwasi juu ya zawadi yako. Mota haikudharauliwa wala haijalala. Inafanya kazi kuliko mimi. Inabeba samaki wa Sualehe kwenda sokoni, inabeba magunia ya mihogo na madumu ya maji, na juzi ilibeba kitanda cha bwana harusi, miguu juu. Fauzi anapakia pia watu wazima. Mtoto ambaye mguu haujafika ndiye hapandi. Watu wananicheka, wanasema mota ya Alima inapenda samaki kuliko watoto. Nawajibu kwamba samaki hana kisigino.

Sasa hapo kwenye kisigino ndipo nilipotaka kukufikisha.

Awa hakujikwaa kwenye kisiki, kaka. Hivyo ndivyo ulivyoambiwa mwezi wa nne, na si kweli. Mama aliwaomba watu wote wa nyumbani wasikuambie, kwa kuwa amri ilitoka kwako na aliyeendesha ni mwanao. Aliogopa utaumia peke yako huko mbali. Nimemwambia Mama kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ninaandika haya yeye ameketi hapa hapa, ananisikia nikimsomea kila mstari. Hajanizuia.

Siku ile mimi nilikuwa Mbau kwenye matanga ya mama mdogo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi ukapiga simu ukasema mtoto asikose shule kwa ajili ya tope ilhali mota ipo. Mama akakwambia miguu ya Awa haifiki kwenye vikanyagio. Ukamjibu afungwe na leso mgongoni kwa Fauzi, hataanguka. Mama akamfunga kwa fundo lilelile alilotubebea wewe na mimi. Buanali, mtoto wa jirani, akawekwa mbele juu ya tangi. Wakaondoka.

Na kweli Awa hakuanguka. Leso ilishika vizuri mno. Karibu na soko mota iliingia kwenye shimo ikaruka, ule mguu wake wa kulia uliokuwa unaning'inia ukaingia kwenye spoki, naye kwa kuwa amefungwa hakuweza kujivuta. Alilia uso wake umebanwa kwenye mgongo wa Fauzi, na Fauzi akadhani ni hofu ya tope. Wanawake wauza samaki ndio waliopiga mayowe mpaka akasimama. Kisigino kilikuwa kimechanika hadi mfupa unaonekana.

Buanali hakupata hata mkwaruzo, namshukuru Mungu.

Usimkasirikie Fauzi. Aliiacha mota imelala barabarani injini inanguruma, akambeba Awa mikononi mbio mpaka zahanati, na leso bado imewafunga wote wawili. Ilibidi ikatwe kwa mkasi. Nilipofika kutoka Mbau nilimkuta kijana wako ameketi chini ukutani, hajala tangu asubuhi, hawezi kunitazama. Na Mama usimlaumu kabisa. Alifunga kama alivyoambiwa na mwanawe mkubwa. Leso ni ya mgongo wa mama anayetembea, na mgongo wa mama hauna gurudumu.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikukasirikia wewe. Nililala siku nyingi nikiongea na wewe kichwani, na maneno mengine niliyokuwa nakuambia hayafai kuandikwa kwenye barua iliyoanza kwa salamu.

Aliyemshona Awa ni nesi Cleide, binti wa Inhambane aliyeletwa hapa kikazi. Kiswahili anakiokota sokoni, hivyo kinatoka na magamba yake. Aliniambia visigino vya namna hiyo anavipokea mara kwa mara, na karibu vyote ni vya watoto waliokaa nyuma miguu ikining'inia. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema, "Mamã Alima, mguu haifiki, mtoto hapandi. Acabou." Yaani imekwisha, hakuna mjadala. Kisha akaongeza la kapasete, ile kofia ngumu ya mota, kwamba mtoto avae ya kichwa chake, siyo ya baba yake inayozunguka kama sufuria. Mimi sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Umesema ninawatembeza kama wakimbizi. Neno hilo, kaka, ungelimeza. Ukimbizi tunaujua sote. Siku ile ya kukimbia vita Fauzi alipakia watoto wanne kwenye mota ya jirani, Awa akiwa mdogo kabisa katikati yao, akawatoa, na mpaka leo namwombea dua kwa siku ile. Siku ile ningempandisha Awa hata mgongoni kwa kiboko. Lakini watu wetu wamerudi na ule upakiaji wamerudi nao. Tulijifunza kupakia watoto kama mizigo kwa sababu kifo kilikuwa nyuma yetu, na sasa nyuma yetu hakuna kitu, ni asubuhi tu, mtoto anakwenda shule, na bado tunapakia watatu, wanne, mmoja kwenye tangi, mmoja kwenye usukani. Nikiuliza naambiwa mbona kipindi kile walifika salama. Anayekwenda shule hakimbii kitu. Kawia ufike.

Hebu nikukumbushe jambo. Zamani ili mtoto apokelewe shule, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Wewe ulijaribu, ukavuta shingo kama kobe, mkono ukagoma, ukarudishwa nyumbani. Ulilia mpaka Mama akakutilia sukari mdomoni. Mwaka uliofuata ukajaribu ukarudishwa tena. Baba hakwenda kumwambia mwalimu amemdharau. Alisema kipimo ni kipimo, akasubiri mkono urefuke.

Basi na mimi nimeweka kipimo changu. Mtoto akikaa, nyayo zake zote mbili zikanyage palipo pa kukanyaga, na mikono yake ishike yenyewe bila kufungwa. Fauzi ndiye anayewapima, na amekuwa mkali kunipita mimi. Wiki iliyopita mama mmoja alimletea mtoto wake kijiweni, mtoto analia anataka mota, mama anabembeleza. Fauzi akamwambia, "Mama we, huyu miguu yaning'inia. Simpakii, hata unipe samaki changu mzima." Yule mama akamtukana, akachukua mota ya mwingine. Wenzake wanamwita shehe wa miguu. Anacheka nao, lakini hapakii. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mwanao alilia ya kutosha mwezi wa nne.

Kwenda shule tunakwenda. Asubuhi natoka na Awa, tunapita njia ya mikorosho iliyo mbali na barabara. Alipokuwa hawezi kukanyaga nilimbeba mgongoni kwa leso mpya, mtoto wa darasa la pili, mkubwa vile, watu wakitazama. Watazame. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwanzo tulikuwa wawili. Sasa Buanali anakuja, na mama wengine wameanza kuwatoa watoto wao wanaposikia tunapita, na yule aliyemtukana Fauzi naye juzi alimtoa wake, hakunisalimu, alimsukuma tu mtoto kwenye mstari akarudi ndani. Nilimpokea. Hujawahi kuona wakimbizi wanaoimba meza ya saba, saba mara mbili kumi na nne, njia nzima, kaka, na kuikosea palepale kila siku.

Awa hajakosa shule tangu kidonda kilipofunga. Hiyo sababu ya kumchukua haipo.

Na kama bado unamtaka, mimi sikufungii mlango. Wewe ni mjomba wake. Vuka mwenyewe, uje na gari, ulale hapa, ule kwa Mama, umwone mtoto akitembea, kisha useme mbele yangu na mbele yake kwamba unampeleka. Ukishindwa kusema, tutakunywa chai. Lakini kumtuma Fauzi ampakie Awa kutoka hapa mpaka Namoto, njia yote ile ya mchanga, hilo halitokei nikiwa hai. Fauzi nimemuuliza, amesema hata wewe umkane hampakii. Usimjaribu, utapoteza mwana bure.

Tena nasikia wewe mwenyewe huko Mtwara hupandi pikipiki siku hizi, unaita bajaji kwa sababu ya kitambi. Ukachagua chombo kinachokutosha, na hakuna aliyesema umedharau mtu. Niachie na mimi nimchagulie wangu.

Nimemaliza ukali. Nakusihi usome tena ukishatulia, usimsomee mtu kwanza.

Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba fundo alilifunga yeye, na wewe usilale nalo moyoni peke yako, mligawane. Sualehe anakusalimu, anakukaushia papa wa kutosha. Fauzi anakuamkia. Hajui aseme nini, kwa hiyo ameniomba niandike tu shikamoo baba. Nesi Cleide naye amesema salamu kwa mjomba mkali. Msalimie wifi, wape watoto mkono, na majirani zako, Wamwani wenzetu waliobaki huko tangu vita, waambie nyumba zao bado zinawangoja.

Awa anasema shikamoo mjomba, na anashukuru sana kwa viatu vya Idi kubwa. Ni vizuri, vyeusi, vinang'aa, na namba ni yenyewe. Cha kushoto anakivaa kila siku. Cha kulia hakiingii bado, kisigino kinakataa, lakini hataki kukiacha nyumbani, anasema mjomba alimpa viwili. Huenda nacho shule amekishika mkononi.

Mungu akulinde, akupe umri, na aulainishe moyo wako kabla hujachukua kalamu kunijibu. Nakukatalia na nakupenda, kwa moyo uleule.

Dada yako akupendaye, wako siku zote,
Alima