Baba Neema chini ya pampu

Katoro, Jumanne

Basi tovuti ya duka letu la pampu imebadilishwa. Neema ameipanga kwa vipande vinavyohamishika, kama makochi ya sebuleni. Picha ya marehemu baba yake ilikuwa juu kabisa. Leo kwenye simu yangu nimeikuta chini, baada ya pampu zote.

"Mwanangu, umemshusha baba yako?"

"Si mimi, mama. Kwenye simu vipande vinajipanga vyenyewe. Nimrudishe juu?"

Wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa wanatafuta pampu za kutoa maji mashimoni, hawamtafuti yeye. Tusipouza, tunafunga. Nikasema mwache.

Naogopa nimejibu haraka mno. Hata machozi hayaji.

Nimeteremsha ukurasa kwa kidole mpaka nikamfikia. Shikamoo, Baba Neema. Kioo kikazima. Nikakigusa, bado yupo.