Saa ya Profesa Ghribi

Sfax, 9 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu kichwani. Hali yako? Na magoti je? Mimi mzima, ila nimechoka, hata barua hii naiandika nimelala. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yaanze kukataa, tunapigiana kelele mpaka mtaa mzima unajua habari zetu.

Hapa hospitalini Profesa Ghribi, mkuu wetu, ameleta utaratibu mpya. Kila mmoja wetu tunaosomea udaktari bingwa anapomwingizia mgonjwa ule mrija wa kamera kwenye utumbo mpana, muuguzi anabonyeza saa. Uingie mpaka mwisho, utoke polepole ukikagua, na yote yaishe ndani ya dakika thelathini. Tunapimwa kwa wagonjwa thelathini. Ukichelewa kwa zaidi ya watatu, unarudia miezi sita. Nikifaulu, Oktoba napangiwa Kairouan, narudi nyumbani kwako.

Wenzangu wananiita Konokono. "Wewe Konokono, utumbo una mwisho, usihamie humo!" Nacheka nao, kisha naenda kulia chooni.

Binti yako,
Olfa

Kairouan, 21 Juni

Olfa mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ndiyo hayo hayo. Dereva wa basi nimempa makrudhi, zile keki za tende, akuletee. Hao wanaokuita Konokono usiwape hata moja.

Kupimwa nakujua. Nilipokuwa nafuma mazulia, mkaguzi alikuwa anakuja na rula yake, anageuza zulia, anahesabu mafundo upande wa nyuma, ndipo anagonga muhuri. Waliofuma mbiombio walilegeza mafundo. Kwa mbele zulia linapendeza, ukiligeuza ni aibu tupu. Huyo profesa wako anageuza, au anatazama saa tu?

Nina swali. Jirani yetu Mabrouka anaona damu chooni tangu majira ya baridi. Anasema ni bawasiri. Ni kweli? Kumuuliza daktari mwanamume anaona haya.

Mama yako

Sfax, 28 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa kujibu. Joto limetumaliza, wagonjwa hawaishi, na mgongo wangu umekuwa wa bibi kizee. Makrudhi zililiwa siku hiyo hiyo, na nilizila peke yangu.

Mwambie Bi Mabrouka aje. Asiite bawasiri kitu ambacho hakijaonekana. Aje hata kesho, nitamtafutia daktari mwanamke. Ila asile matunda ya mpungate, yale ya miiba, kwa siku tano kabla. Msimu huu watu wanatujia matumbo yamejaa mbegu, ukiwauliza wanasema, "Daktari, umesema nisile chakula. Yale si matunda?" Mbegu zinaziba mrija, tunaosha, tunaosha tena, na saa inakwenda.

Nimefikisha wagonjwa ishirini na wawili. Nimechelewa kwa watatu, wawili kati yao kwa sababu ya mbegu. Sina nafasi nyingine ya kukosea.

Binti yako,
Olfa

Kairouan, 15 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Chumba chako nimekipaka chokaa, na shuka nimezianika.

Mabrouka anasema atasubiri Oktoba, ukirudi. Hataki kuwa yeye wa kukuharibia hesabu. Mpungate anakula tangu ana meno, anasema tumbo lake si la mtihani. Usimlaumu, ni mama mzima, ana kichwa kigumu.

Mama yako

Sfax, 6 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimefeli.

Alikuwa mgonjwa wa thelathini, bibi mmoja wa rika lako. Juzi yake alikula mpungate kilo nzima. Dakika ya ishirini na nne muuguzi akaninong'oneza, "Dokta, toka. Andika hakujiandaa, aje siku nyingine. Hahesabiwi, utaletewa mwingine." Na angekuwa sawa. Lakini nilimfikiria Mabrouka, anayeona haya. Huyu akirudi nyumbani leo, haji tena hospitali. Basi nikaendelea kuosha. Chini ya mbegu, nyuma ya mkunjo, palikuwa na kinyama kilichoota, kikubwa kama dengu, cha aina inayoweza kugeuka saratani. Nikakitoa. Saa ilisoma arobaini na moja.

Profesa Ghribi alitazama picha muda mrefu. Akasema, "Umefanya vizuri sana, dokta. Umefeli." Akaandika arobaini na moja. Sina hata nguvu ya kumchukia.

Kwa hiyo Oktoba siji, Mama. Na jana nimekutana na Lotfi, mtoto wa Mabrouka. Nikamuuliza hali ya mama yake. Akacheka, akasema asubuhi hiyo alikuwa amepandisha mtungi wa gesi ghorofani peke yake.

Mama, ni nani anayeona damu?

Olfa

Sfax, 12 Septemba

Olfa,

Karatasi hii nimempa muuguzi mnene wa mlangoni, akuletee. Niko chini, kwenye benchi.

Ni mimi. Nilitaka ufaulu kwanza, urudi, nikuambie tukiwa mezani. Nilifanya ujinga, na nimekudanganya, nisamehe. Naogopa, mwanangu. Usiku silali kwa kuogopa.

Mpungate sijaugusa tangu nilipopata barua yako ya mwisho, leo siku ya tano. Muuzaji hapo getini alitaka kunipa moja bure, nikamfokea mpaka watu wakageuka.

Profesa wako na aje anipime yeye, sitaona haya. Wewe kaa upande wa kichwa changu unishike mkono. Ila mwambie saa aiache nje.

Mama yako