Yaliyotokea kwenye Ua wa Jua Ziwani

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kisumu
Tarehe 28 Desemba 2024

Jina: Agneta Nanyama Wafula
Umri: Miaka 38
Kazi: Kuuza mapazia na mashuka ya mitumba, soko la Kibuye
Makazi: Nyamasaria
Lugha aliyotumia: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Marehemu Robinson Wandera hakuwa jamaa yangu wala jirani. Nilimwona mara ya kwanza siku ya Krismasi, na tulizungumza kwa dakika chache tu.

Mnamo tarehe 25 Desemba 2024, mwendo wa saa saba mchana, nilifika kwenye bustani ya michezo iitwayo Jua Ziwani, ufuoni mwa ziwa, nikiwa na binti yangu Emmaculate wa miaka tisa. Bustani hiyo ilikuwa imetangaza sherehe za Krismasi tangu mwanzo wa mwezi. Kulikuwa na bango karibu na kibanda changu pale Kibuye. Lilionyesha treni ya watoto na Baba Krismasi akija kwa boti, na lilisema mkubwa ni shilingi mia tano, mtoto mia tatu. Nilinunua tiketi zetu mapema ili nisije nikatumia pesa hiyo kwa mambo mengine.

Langoni nilikuta foleni ndefu. Watu walikuwa wamevaa nguo mpya, wengine wametoka kanisani moja kwa moja. Juu ya bango la zamani palikuwa pamebandikwa karatasi: mkubwa elfu moja mia tano, mtoto mia nane. Nilionyesha tiketi zangu. Msichana wa dirishani akasema, "Mama, hizi ni za bei ya kawaida. Leo ni bei ya sikukuu. Ongeza tu ile tofauti." Nikamwambia zimeandikwa tarehe ya leo, na muhuri ni wao. Akasema, "Si mimi napanga, mama. Bei inatoka ofisini." Niliongeza. Mtoto alikuwa amekwisha kuiona treni.

Nyuma yangu alikuwa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, amemshika mkono msichana mdogo wa gauni jekundu. Nilimsikia akiuliza bei mara mbili, kana kwamba hakusikia ile ya kwanza. Kisha akahesabu noti zake. Waliokuwa nyuma wakaanza kusema, "Baba, lipa ama utoke, tuingie." Akatoka kwenye foleni akasimama pembeni. Mtoto hakulia. Alikuwa ananyoosha shingo kuangalia ndani.

Kabla sijaingia, mwanamume huyo aliniita. Alisema, "Mama, samahani. Mimi naitwa Robinson, nachomelea vyuma kule Awasi. Huyu ni Lorine. Nilikuja na pesa ya watu wawili, na sasa imekuwa ya mtu mmoja. Naomba aingie na wewe. Mimi nitasimama hapa kwa waya nimwone."

Nikamuuliza, "Baba Lorine, utajuaje kwamba mimi si mtu mbaya?"

Akasema, "Nimekuona ukipiga magoti chini kumfunga mtoto wako kamba ya kiatu, na hilo gauni lako ni jipya."

Afisa ameniuliza kuhusu pombe. Alikuwa karibu nami kiasi cha mkono mmoja. Hakuwa ananuka pombe. Alizungumza kwa adabu, na aibu ilikuwa usoni mwake. Nilimwambia mimi ni Mama Emma. Alimlipia Lorine, akainama akamwambia, "Shika mkono wa Mama Emma, usiuachilie. Baba yuko hapa kwa waya." Akanipa nambari yake ya simu, nikaipiga ili naye abaki na yangu.

Tuliingia. Ua wa bustani hiyo ni wa waya, mrefu kumpita mtu, na mtu aliye nje anaona ndani isipokuwa pale penye mahema. Kila tulikokwenda, Baba Lorine alitufuata kwa upande wa nje. Wasichana walipopanda treni, kila ilipopita karibu na ua Lorine alipunga mkono, naye akapunga kofia. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na wazazi wengi wamejipanga kwenye waya, baba kwa mama, kila mmoja anatafuta wake kwa macho. Mimi nimeishi Kisumu tangu nilipoolewa na sijawahi kuona Krismasi ya namna hiyo. Ilikuwa kama siku ya kutembelea wafungwa.

Baadaye vijana kadhaa waliruka ua upande wa ziwani na kupotelea kwenye umati. Ndipo nikasikia sauti kwenye spika: "Kuna watu wanaruka ua kukwepa kulipa. Walinzi, mtu akiruka msimuulize kitu. Mshughulikieni kwanza." Ilirudiwa mara mbili. Naijua sauti hiyo. Ilikuwa ya meneja, Bwana Calvince, kwa sababu ndiye aliyetukaribisha kwenye spika hiyohiyo Baba Krismasi aliposhuka botini, akajitaja jina na cheo.

Mwendo wa saa tisa na nusu upepo wa ziwa ulianza kuvuma. Huvuma hivyo karibu kila alasiri, lakini siku hiyo ulikuja kwa nguvu. Mimi na wasichana tulikuwa kwenye foleni ya lile jumba kubwa la plastiki linalojazwa hewa, ambamo watoto hurukaruka. Lilikuwa limefungwa kamba kwenye vyuma vilivyopigwa ardhini. Niliona upande mmoja ukiinuka. Mwanzoni watoto waliokuwa ndani walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha kamba zikang'oka na jumba lote likabiringika kuelekea majini. Watoto walirushwa nje. Niliwashika Emmaculate na Lorine mmoja huku na mmoja huku, nikarudi nyuma nao hadi nikagonga meza ya mtu.

Miongoni mwa watoto waliorushwa alikuwa msichana mwenye gauni jekundu. Hakuwa Lorine. Lorine alikuwa mkononi mwangu. Lakini pale tuliposimama palikuwa nyuma ya hema la soda, na mtu aliye kwenye ua hangeweza kutuona. Alichoweza kuona ni lile gauni.

Nilisikia mwanamume akiita, "Lorine! Lorine!" Nikageuka. Baba Lorine alikuwa juu ya ua. Shati lilikuwa limenaswa kwenye waya, akalivuta likachanika, akarukia ndani. Hakuelekea kwenye michezo, hakujificha kwenye watu. Alikimbia moja kwa moja kuelekea lile jumba lililoanguka.

Mlinzi mmoja kijana, mwenye sare ya kijani, alitokea ubavuni mwake akampiga rungu kichwani. Nilikuwa mbali nao kiasi cha kutoka kwenye meza hii hadi lango la kituo. Baba Lorine alianguka. Akajiinua kwa magoti, akaonyesha kidole kule kwenye watoto, akasema, "Mtoto wangu." Mlinzi akampiga tena. Hakusimama baada ya hapo.

Nilipiga kelele, "Mtoto wake ninaye mimi! Yuko hapa! Mtoto wake yuko hapa!" Watu wote walikuwa wanapiga kelele, sauti yangu haikufika. Niliukandamiza uso wa Lorine kwenye gauni langu. Sijui alikuwa ameona nini kabla ya hapo. Sijamuuliza.

Nilipofika karibu, mlinzi aliniangalia, akamwangalia mtoto niliyemshika, na rungu likamtoka mkononi. Alisema, "Walisema tusiulize." Akakaa chini kwenye nyasi pale pale. Hakukimbia. Hilo naomba liandikwe.

Aliyemsaidia majeruhi ni mama mmoja wa Kihindi ambaye baadaye nilijua anaitwa Nalini, mwenye duka la dawa mjini. Alikuwa amekuja na wajukuu zake. Alipiga magoti kwenye vumbi, akakunja mtandio wake na kuubana kwenye jeraha, akawaambia watu warudi nyuma apate hewa. Hakuna aliyejua gari la wagonjwa liko wapi. Tulimbeba kwenye gari lake. Kwenye lango la magari mlinzi mwingine alituzuia akaomba risiti ya maegesho. Sikuamini masikio yangu. Mama Nalini aliteremsha kioo, mikono yake ina damu, akasema, "Fungua, kijana." Akafungua.

Watoto waliorushwa waliumia lakini wote wako hai. Yule wa gauni jekundu alivunjika mkono.

Jioni hiyo, baada ya kumfikisha hospitalini, nilikwenda na Lorine nyumbani kwangu, na nikampata mama yake, Elsie, kwa simu, nambari nikapewa na Lorine. Alifika kutoka Awasi siku iliyofuata asubuhi, mimi nikafuatana naye hospitalini kwa pikipiki mbili. Njia yetu inapita Jua Ziwani. Nilidhani ningekuta pamefungwa, labda na polisi langoni. Pamefunguliwa. Muziki unapigwa. Foleni ipo. Karatasi imebandikwa nyingine, mkubwa elfu mbili. Nilimwambia mwenye pikipiki asimame, nikaisoma bei hiyo mara ya pili. Elsie hakujua ndipo mahali penyewe, na mimi sikumwambia.

Robinson Wandera alifariki alfajiri ya tarehe 27 bila kuzungumza. Mkewe alikuwa naye.

Jioni ya siku hiyo, mtu aligonga mlango wangu. Alikuwa Bwana Calvince, na mwenzake aliyebaki kwenye gari. Nilimpa kiti na chai. Alisema wote wameumia, kwamba huu ni msiba wa kila mtu. Kisha akatoa bahasha akaiweka mezani. Nilidhani ni rambirambi. Zilikuwa tiketi mbili za sherehe za Mwaka Mpya, za bure. "Za wasichana wetu," alisema. "Watakaa behewa la mbele."

Niliziacha mezani. Yeye akaendelea, "Mama, ukiulizwa, wewe sema tu alikuwa amelewa, alikuwa pamoja na wale vijana wakorofi. Mlinzi tumeshamfuta kazi, na polisi wamemchukua. Mambo yaishe."

Nikamuuliza nani aliwaambia walinzi wasiulize.

Akasema, "Hiyo ni lugha ya kazi tu, mama."

Lorine alikuwa chumba cha pili na mama yake. Ukuta wetu ni wa mbao. Nilisimama, nikafungua mlango na kuushikilia wazi mpaka akatoka. Bahasha aliiacha. Leo nimemkabidhi Sajini Khaemba kama ilivyokuwa.

Elsie amemwambia mwanawe kuhusu kifo. Mtoto hakulia mbele yetu. Leo asubuhi nikimchana nywele aliniuliza jambo moja: kama siku ile angekataa kuingia, wakarudi Awasi wote wawili, ingekuwaje. Nilimaliza kumchana.

Afisa ameniuliza kama ninaweza kumtambua mlinzi aliyepiga. Ninaweza. Nilimwona kwa macho yangu akipiga mara mbili, na siwezi kusema hakupiga. Lakini sauti iliyosema mtu asiulizwe haikuwa yake, na huyo mwenye sauti nimekunywa naye chai sebuleni kwangu jana. Naye pia ninaweza kumtambua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Sina zaidi ya hayo, na hakuna nililoongezewa na mtu.

Sahihi: A. N. Wafula

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Shahidi aliomba sahihisho moja. Pale nilipokuwa nimeandika "mvamizi alikuwa juu ya ua", alisema hakutumia neno hilo. Nilimweleza kuwa ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti ya kwanza iliyoletwa na bustani. Alisema haondoki kituoni neno hilo likiwa ndani ya maelezo yake. Nimelifuta na kuandika "Baba Lorine" kama alivyotamka.

Sajini W. Khaemba
28/12/2024